Mitumbwi mingi, mlango mmoja

Nilikuwa Kipili, kule Nkasi mkoani Rukwa, kando ya Ziwa Tanganyika. Ukitoka Namanyere unateremka mpaka joto lenyewe likwambie kwamba baridi ya Ufipa umeiacha juu. Nilikwenda kuandika habari za dagaa, nimerudi na swali la kompyuta. (Wapenzi wa "tarakilishi" na "ngamizi" mnisamehe.)

Jioni pale mwaloni watu walikuwa wanapanga taa na nyavu. Dagaa huvuliwa usiku, gizani. Kuanzia Mei hadi Septemba upepo wa kusini huvuma kwa nguvu, na ziwa lenye urefu wa kilomita 673 hivi linaupa nafasi ya kutosha kuinua mawimbi. Mzee mmoja akaniuliza: "Mwanangu, wewe mtu wa magazeti, mbona utabiri wa upepo unatufikia tukiwa tumeshaondoka?"

Sababu za utabiri kuchelewa ni nyingi, ila kuna moja isiyosemwa sana: kuandika faili.

Chukua programu ya WRF, inayotumiwa na mamlaka nyingi za hali ya hewa Afrika, ya kwetu ikiwemo. Inakata ramani vipande vipande, kila prosesa inapewa chake. Kwa kuwa upepo haujui mipaka, majirani wanatumiana ujumbe kila hatua: huku kwangu mambo yako hivi, kwako je? Kanuni za kutumiana ujumbe huo zinaitwa MPI, na toleo la kwanza lilitoka 1994. Halikusema lolote kuhusu faili. Hilo lilingoja toleo la pili, 1997.

Sasa fanya hesabu na mimi. Ramani ya nukta 500 kwa 500, tabaka 40 za hewa, vipimo kumi (upepo, joto, unyevu na kadhalika), kila namba baiti nne. Hizo ni megabaiti 400 kila unapohifadhi. Dhoruba haichelewi, kwa hiyo hifadhi kila dakika kumi kwa siku tatu: gigabaiti 172 na ushee. Prosesa moja ikipewa kazi yote ya kuandika kwa kasi ya megabaiti 100 kwa sekunde, ni karibu nusu saa, huku mamia ya wenzake wamekaa tu. Nusu saa hiyo, pale Kipili jua limeshazama.

Basi kila mmoja aandike faili lake? Inawezekana, na WRF inaruhusu. Ila unaishia na mamia ya vipande vya kuunganisha baadaye, kama gazeti ambalo kila mwandishi kaleta robo ukurasa.

Na wote wakivamia faili moja? Hapo ndipo nilipoikumbuka MV Liemba, meli ya Kijerumani ya 1913 iliyohudumia ziwa hili kwa jina hilo tangu 1927. Kwenye vituo visivyo na gati, mitumbwi iliizingira na kugombea mlango mmoja, kila mmoja na gunia lake. Faili nalo limepangwa mstari kwa mstari, wakati kipande cha prosesa moja kinagusa mistari mingi. Kila prosesa inakuja na vigunia vidogo vya kutawanya huku na huku, na diski inachoka.

Dawa iliyowekwa na watu wa maabara ya Argonne, Marekani, kwenye programu yao ya ROMIO ni ya kibandari kabisa. Kwanza prosesa zinaambiana nani ana nini. Kisha wachache wanateuliwa kuwa wakusanyaji, wenzao wanawatumia mizigo kwa ujumbe, wanaipanga, halafu wanaandika mafungu makubwa yaliyofuatana. Mzunguko huo unaonekana kama kupoteza muda, lakini ujumbe kati ya prosesa mara nyingi huenda haraka kuliko diski kurukaruka. WRF ina njia nyingine tena: kutenga prosesa kadhaa ziandike tu, nyingine ziendelee na hesabu. Kwa maoni yangu hii ndiyo ya kujaribu kwanza, ingawa kwenye mtambo mdogo kila prosesa unayoitenga inauma.

Nilimweleza mzee haya yote kwa mfano wa mitumbwi. Akacheka, akakubali kwamba ndivyo ilivyokuwa. Kisha akauliza, faili likishaandikwa, nani analileta mwaloni?

Hapo sikuwa na MPI ya kumjibu. Akawasha taa zake kuzijaribu, akasukuma mtumbwi.