Gitaa ni la Nani?

Wahenga walinena kwamba nguo ya kuazima haisitiri maungo. Katika mitaa ya Kariakoo na kandokando ya Mtaa wa Msimbazi, ambako muziki wa dansi ulilelewa kwa miongo mingi, methali hiyo iliwagusa wapiga magitaa kwa namna ya pekee, kwani wengi wao walivuma nchi nzima kwa vyombo visivyokuwa vyao.

Bendi ya NUTA Jazz iliundwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, ikawa inabadili jina kila mlezi wake alipobadilika: ikaitwa JUWATA, ikaitwa OTTU, mpaka ikajulikana kwa jina la Msondo Ngoma. Mlimani Park ilizaliwa mwaka 1978 mikononi mwa kampuni ya usafiri na teksi, na mwaka 1983 ikahamia kwa Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, yaani DDC. Mwanamuziki alikuwa mwajiriwa. Gitaa, ngoma na vipaza sauti vilikuwa mali ya mwajiri. Katika miaka ya uhaba wa fedha za kigeni njia nyingine ilikuwa finyu, kwa kuwa gitaa la umeme lilitoka ng'ambo. Hata mwaka 1985, Muhiddin Maalim, Hassan Bitchuka na wenzao walipohama Mlimani Park na kwenda Orchestra Safari Sound ya mfanyabiashara Hugo Kisima, walihama na sauti zao na vidole vyao. Vyombo viliendelea kuwa vya mwenye bendi.

Msomaji wa visiwani atakumbusha kuwa huku nako, tangu Ikhwani Safaa ilipoasisiwa mwaka 1905, udi na kanuni za klabu zimekuwa zikihesabiwa kuwa mali ya klabu. Kweli, lakini klabu ni ya wanachama wenyewe. Mwajiriwa akiachishwa kazi huondoka mikono mitupu, na fundi asiye na zana ni fundi nusu.

Kwa hiyo mkubwa wa kwanza aliyetawala ala za muziki Dar es Salaam hakuwa muuzaji mwenye matawi mengi, alikuwa taasisi. Milango ya biashara ilipoanza kulegezwa katikati ya miaka ya 1980, duka dogo lilikuja na jambo ambalo halikuandikwa kwenye kibao chake: mpigaji aliweza kununua gitaa lake mwenyewe, hata kwa kulipa kidogo kidogo, na kesho yake akamjibu mwenye bendi bila kutetemeka.

Kwingineko duniani ugomvi wa mkubwa na mdogo ulichukua sura nyingine. Nchini Marekani, Guitar Center ilianza Hollywood mwaka 1959 ikawa na maduka karibu 300, na maduka mengi ya ujirani yalishindwa kuhimili bei zake. Lakini mwezi Novemba 2020 kampuni hiyo iliomba kinga ya mahakama dhidi ya wadai wake. Sam Ash, iliyoanzia Brooklyn mwaka 1924, ilifunga maduka yake yote mwaka 2024, ikiwa imetimiza miaka 100. Biashara ya intaneti ilikuwa imekwisha kuwapiku kwa silaha ileile ya bei ambayo wakubwa waliitumia dhidi ya wadogo. Anayeishi kwa urahisi wa bei humngoja tu aliye rahisi zaidi.

Kariakoo haina mkubwa wa namna hiyo. Mshindani wa duka dogo la ala ni kontena: magitaa na vinanda vya bei ya chini, vilivyopangwa sako kwa bako na feni na pasi, vikiuzwa na mtu ambaye kesho atauza viatu. Mwezi Agosti 2025 kituo kikubwa cha biashara chenye maduka zaidi ya 2,000 kilizinduliwa Ubungo, mahali palipokuwa stendi ya mabasi, na wafanyabiashara wa Kariakoo wana haki ya kujiuliza mnunuzi ataelekea wapi.

Hata hivyo, bei ya chini si adui. Imemwezesha mwanakwaya wa Buguruni kumiliki kile ambacho nyota wa miaka ya 1970 alikiazima. Tatizo huanza baada ya mauzo. Gitaa la mbao hafifu likikutana na joto na unyevu wa pwani, shingo hupinda, na nyuzi huinuka mbali na shingo. Mwanafunzi hukandamiza mpaka vidole vikachubuka, na sauti haitoki. Tuseme anabahatika kufika kwa fundi mmoja mzee kichochoroni.

"Shikamoo, mzee. Nadhani mimi sina kipaji."

"Marahaba, mwanangu. Kipaji unacho. Gitaa lako ndilo halijafundishwa kazi."

Fundi hukaza chuma kilichomo ndani ya shingo, hupunguza kimo cha daraja linalobeba nyuzi, hubadilisha uzi mmoja ulioshika kutu, kisha humrudishia. Kazi ya nusu saa imemwokoa mpigaji. Ni wangapi ambao hawakufika kwa fundi, wakaliegemeza gitaa ukutani na kuamini kwamba Mungu hakuwajalia?

Hapo ndipo penye hasara. Duka dogo halitashinda kwa bei, wala halina haja ya kujaribu. Bidhaa yake ni sikio na mkono, navyo havipangwi rafuni, ndiyo maana wateja hudhani ni vya bure. Huliwekesha gitaa sawa pale, wakashukuru, kisha wakaenda kununua linalofuata kwenye kontena. Muuzaji naye hana budi kuuweka ufundi wake kwenye bei, autaje bila haya, na amrithishe kijana kabla macho yake hayajafifia. Gitaa huwa la mtu siku anapolilipia. Lakini ili liitike anapoliita, yuko mwingine anayepaswa kulipwa.