Boksi la Majumba Sita

Jumapili, 4 Agosti 2024

Watoto sita wa mbwa, ndani ya boksi la sabuni, kituoni Majumba Sita. Kijana wa bodaboda ndiye aliyenipigia: "Dada wa mbwa, njoo, kuna mzigo wako huku." Macho yamefumbuka juzi tu, bado yana ule ukungu wa buluu. Wiki mbili, tatu hazijatimia. Wamelia mpaka sauti zimekauka. Juu yao mtu alikuwa amewafunika kanga kuukuu, nyekundu yenye korosho nyeusi, akaipachika vizuri pembeni. Aliyewatupa alitaka wapate joto.

Nimewageuza mmoja mmoja. Majike wote sita.

Kikundi chetu cha kuokoa mbwa hakina banda. Nairobi wana KSPCA, chama cha kutetea wanyama kilichoanza mwaka 1910. Arusha wako wenzetu wa Mbwa wa Africa. Sisi wa Kipawa, hapa Dar es Salaam, tuko watu watano, daktari mmoja wa mifugo anayetuhurumia kwenye bei, na stoo nyuma ya duka langu la cherehani. Nimetandika mabaki ya vitambaa vya sare za shule. Maziwa ya mbuzi kwa bomba la sindano lisilo na sindano, kila baada ya saa tatu, mtoto akiwa amelala kifudifudi, maana ukimlaza chali maziwa yanaingia kwenye mapafu. Wakishiba nawapangusa chini ya tumbo kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu. Umri huu mama yao ndiye huwalamba ili wakojoe.

Mama alisimama mlangoni, upindo wa kanga puani. "Mwanangu, hao ndani hawaingii." Nikamwambia hawataingia. Usiku huu nalala dukani.

Ijumaa, 9 Agosti

Baada ya swala ya Ijumaa nimemsubiri shehe nje ya msikiti. Nimechoka kujificha. Wiki nzima Mama ananiwekea sahani yangu peke yake.

Shehe alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema kwa madhehebu yetu ya Shafii mate ya mbwa ni najisi, na najisi hiyo imewekewa twahara yake: kuosha mara saba, mara moja kwa udongo. "Najisi inaoshwa, binti yangu. Ukatili je, utauosha kwa nini?" Akanikumbusha mbwa wa wale vijana wa pangoni, aliyetajwa katika sura ya Al-Kahf, na yule mtu aliyeshuka kisimani akamchotea maji mbwa mwenye kiu kwa kiatu chake, akasamehewa. Mbwa wa ulinzi, wa mifugo na wa kuwindia ameruhusiwa. "Ila usikose swala kwa ajili yao, na mama yako usimuudhi."

Jioni nimekuta kopo la rangi kando ya bomba la nje, limejaa udongo mkavu uliochekechwa. Mama hajasema neno. Nimeosha mikono yangu pale.

Alhamisi, 15 Agosti

Tumezunguka Karakata kuhesabu mbwa kabla ya chanjo ya kichaa cha mbwa ya Septemba. Ndege ikipita unanyamaza, ukisubiri sauti iishe ndipo uendelee na salamu. Mzee mmoja, mwenyeji wa zamani, alitukaribisha kwenye mkeka. Alitueleza jinsi majirani zake walivyolipwa fidia wakahamia Pugu Kajiungeni kupisha upanuzi wa uwanja wa ndege. Malori yalibeba vitanda na mabati. Mbwa wengi walibaki wakilinda nyumba zilizokuwa zinabomolewa. "Hawa unaowaona ni wajukuu wa wale," akasema.

Chini ya mwembe amelala jike lake, rangi ya shaba, mbavu zinahesabika, chuchu zinaning'inia, bado zina maziwa. Pembeni yake kidume kimoja cha wiki nne hivi, mguu wa mbele mweupe. Dukani kwangu nina wawili wenye mguu kama huo.

"Wengine wako wapi, mzee?"

"Walichukuliwa."

Sikuuliza na nani. Kwenye kamba ya nguo ilianikwa kanga nyekundu yenye korosho nyeusi. Ya kwenye boksi ni mwenzake wa doti.

Tulikaa kimya mpaka akasema mwenyewe: "Dume watu wanagombania. Jike nani atalitaka? Kila baada ya miezi sita linataka dume, siku sitini na kitu baadaye limezaa. Mimi mwenyewe nakula kwa kudra." Hakunitazama. Nikamwambia upo upasuaji wa kufunga uzazi, sisi tutalipa. Akasema atafikiri.

Nimerudi na hasira, ila kwa yule mzee sikupata pa kuiweka. Amebaki na mama mtu, amebaki na dume, waliobaki akawafunika kanga ya mkewe.

Jumanne, 20 Agosti

Bwana mmoja wa Kinyerezi alikuja kuomba mbwa wa ulinzi. Dume, awe mkali. Nikamwambia nina majike tu, na bado hawajafika umri. Nikamuuliza maswali yetu yote: ukuta upo? Nani atampikia mkisafiri? Atalala wapi mvua ikinyesha? Akasema atamfunga mnyororo mchana na kumwachia usiku, ndivyo ukali unavyokuja. Banda lake, kwa picha ya simu, ni kreti lililoezekwa bati. Mbwa mzima hawezi kugeuka ndani.

Nilimweleza kuwa Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamtaka anayefuga asimtese mnyama wake, na kwamba mbwa wa mnyororo hajui nani mwizi nani mgeni. Anachojua ni kuogopa, na mbwa mwoga ndiye anayeng'ata mtoto wa nyumbani. Akaondoka amenuna.

Ni vigumu kukataa wakati una midomo sita na kilo ya dagaa inapanda bei. Lakini mbwa uliyempa mtu kwa haraka harudi peke yake. Anarudi na mimba.

Jumapili, 25 Agosti

Wawili wamekufa. Walianza juzi usiku: kutapika, kisha kuhara damu, na ile harufu ambayo ukiisikia mara moja huisahau. Parvo. Daktari alikuja kabla ya alfajiri na dripu. Ugonjwa huu hauna dawa ya kuuponya. Unampa mtoto maji mwilini ukisubiri apigane mwenyewe. Yule mdogo kuliko wote alikufa saa nne, mwenzake adhuhuri. Mmoja ni wa mguu mweupe.

Kama mama yao angekuwa amechanjwa kabla ya kuwazaa, wangepata kinga kwenye maziwa yake ya mwanzo. Hakuna maziwa ya mbuzi yatakayoifidia kinga hiyo.

Nimechoma vitambaa vyote. Sakafu nimeiosha kwa dawa ya klorini mara tatu, maana kirusi hiki kinakaa kwenye udongo kwa miezi mingi. Kuchimba shimo nilisaidiwa na Mama. Alileta jembe mwenyewe.

Jumamosi, 7 Septemba

Wanne waliobaki wanakimbia, wanang'ata viatu vya wateja. Wanakula dona iliyochanganywa na vichwa vya samaki.

Yule bwana wa Kinyerezi amerudi, safari hii na mkewe. Amejenga banda la kusimama na kulala, juu ya matofali, mlango unaelekea kivulini. Alisisitiza bado dume. Wakati huohuo mteja mgeni akasukuma mlango wa nyuma, na yule mtoto wa mbwa mweusi akamfokea kwa sauti kubwa kuliko mwili wake. Mke akamgeukia mumewe: "Nani alikwambia jike halibweki?"

Tutawapa akitimiza wiki kumi. Tumeandikiana: hakuna mnyororo, chanjo kila mwaka, na akifika miezi sita analetwa afungwe uzazi. Wawili wengine wameombwa na nyumba za Ukonga na Kiwalani; tumezikagua zote mbili. Kote nimesikia neno lilelile mwanzoni: tunataka dume.

Jumatatu, 16 Septemba

Siku ya Maulidi. Tulikuwa tunapakua pilau nilipopigiwa kutoka Karakata. Jike la mzee, Shaba, limemng'ata mtoto wa jirani. Mtoto alifuata mpira mpaka Shaba alipokuwa anakula.

Nilikuta bibi mmoja kashika chupa ya mafuta ya taa, anataka kummiminia mtoto kidondani. Nikamwomba aiweke chini. Tulimkalisha mtoto bombani, maji yanayotiririka na sabuni ya kipande, dakika 15 kwa saa ya simu. Analia, tunaosha. Maji na sabuni vinaua kirusi cha kichaa pale pale kwenye kidonda, na hakuna nyumba isiyo na sabuni. Kisha hospitali. Kituo cha kwanza chanjo hakuna, cha pili hakuna, cha tatu tumeipata saa mbili usiku, kwa fedha ambazo mama mtu alikopa kwenye vikoba.

Kurudi, vijana wana marungu, na panga moja. Mwenyekiti wa mtaa alisimama mbele ya mwembe. Nikawaeleza: mbwa mwenye kirusi hicho kwenye mate siku aliyong'ata huugua na kufa ndani ya siku kumi. Akifika siku ya kumi yuko mzima, hakumpa mtoto kichaa. Mkimuua leo, mmeua jibu. Wakanipa siku kumi. Shaba amelala stoo kwangu, kafungiwa peke yake.

Alhamisi, 19 Septemba

Shaba anakula. Hatetemeki, sauti haijabadilika, maji anakunywa.

Daktari alikuja kumtazama, tukazungumza kuhusu Pemba. Kule walianza kuchanja mbwa mwaka 2010, na kufikia 2014 kichaa kilikuwa kimetoweka kisiwani. Chanjo ikalegea. Mwaka 2016 kikarudi. Wakachanja upya kisiwa kizima, na mwaka 2018 kikaisha tena. Ukichanja mbwa 70 katika kila 100, ugonjwa unakosa pa kupita. Kuua mbwa tu hakuumalizi. Waliouawa nafasi zao hujazwa na wengine ambao hawajachanjwa. Duniani wanakufa watu wapatao 59,000 kila mwaka, karibu wote kwa meno ya mbwa, na wengi wao ni wa Afrika na Asia.

Alipoondoka nilifikiria hesabu ile ya 70. Chanja mtaa mzima Septemba, halafu majike wazae hadi Machi: watoto wale hawana chanjo, na hesabu imeshuka bila mtu kuona. Boksi la kituoni si huzuni ya mbwa peke yao. Ni tundu kwenye ukuta unaowalinda watoto wetu.

Alhamisi, 26 Septemba

Siku ya kumi. Shaba mzima. Daktari ameandika barua, mama wa mtoto ameipeleka hospitali, mwenyekiti ameisoma barazani. Mmoja wa wale vijana wa marungu amekuja kuuliza chanjo ya mbwa wake ni saa ngapi Jumamosi.

Nilimrudishia mzee kamba mkononi. "Shikamoo, mzee. Yuko salama." Akaitikia, akanyamaza, kisha: "Ule upasuaji ulioniambia. Mfanyieni."

Jumamosi, 28 Septemba

Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Meza chini ya mwembe Karakata, ofisa mifugo wa kata, daktari, sisi watano, vyeti na rangi ya kumpaka kila aliyechanjwa. Mbwa wameletwa kwa kamba za katani, kwa mikanda ya suruali, mmoja kwenye toroli. Wenye watoto wa mbwa walikuwa wamewaacha nyumbani wakidhani hawajafika umri. Tumewatuma wakawalete, kwa sababu Shirika la Afya Duniani linataka na wadogo wachanjwe siku ya kampeni.

Mama alikuja saa sita na chai kwenye chupa. Alikaa mbali kidogo, kwenye upande usio na mate, akawa anawaandika majina.

Shaba alipasuliwa jana kliniki, ameamka vizuri, ameshonwa nyuzi tano. Leo amechanjwa, na mtoto wake wa kiume pia.

Hesabu ya boksi naiandika hapa nisije nikaisahau. Majike sita. Wawili tumewazika. Mmoja yuko Kinyerezi, mmoja Ukonga, mmoja Kiwalani. Wa sita, wa mguu mweupe, analala mlangoni mwa duka langu, na kopo la udongo limejazwa upya.

Anayesoma haya baada yangu katika kikundi hiki: usihesabu uliowaokoa kituoni. Nenda kwenye ua walikotoka, umtafute mama yao. Shaba hatazaa tena.