Moshi Ndani ya Waya

Kisha mukutano wa vijana kijana mumoja wa kwaya aliniletea ulizo ambalo halijanitoka kichwani mpaka leo. «Pasta, wanasema umeme unachafua hewa ya dunia. Lakini wetu unatoka kwa maji ya Inga na ya Nzilo. Sisi tunahusika na nini?»

Ulizo ni zuri. Karibu umeme wote unaopita katika njia kubwa za Congo unatoka kwa mito, na mito haitoi moshi. Lakini kati ya mutambo na taa ya nyumbani kwako kuko waya. Waya iko na moshi wake.

Tuanze kwa kiwanda. Nyaya ndefu unazoziona juu ya nguzo za chuma, hata hapa kwetu penye mukuba mwingi, kwa kawaida si mukuba. Ni aluminiumu, na katikati wanatia chuma ili zisikatike. Waya ya aluminiumu inatakiwa kuwa nene kuliko ya mukuba, lakini uzito wake ni karibu nusu tu. Shida yake ni hii: kutoa tani 1 ya aluminiumu kwa udongo wake kunakula umeme wa kilowati-saa 13,000 mpaka 15,000. Inchi inayopata umeme wake kwa makaa ya mawe inapeleka moshi mwingi juu kwa ajili ya tani ile moja. Lakini ukichukua aluminiumu ya zamani na kuiyeyusha tena, unatumia karibu asilimia 5 tu ya nguvu ile. Kwa sababu hiyo wanunuzi wakubwa wa Ulaya wameanza kuuliza kiwanda: chuma yako ilitoka wapi, na iliyeyushwa kwa umeme gani?

Moshi wa pili ni joto. Waya yoyote inapata joto umeme ukipita ndani, na joto lile ni umeme uliopotea njiani. Ukipunguza ampea kwa nusu, joto linashuka mpaka robo. Kwa hiyo wajenzi wa njia za mbali wanapandisha volti, ili ampea zipunguke. Njia ya Inga–Kolwezi, iliyoanza kutumika mu miaka ya 1980, iko na urefu wa kilometa karibu 1,700. Wameipandisha mpaka volti 500,000, na umeme wake unaenda upande mumoja tu, kama ule wa betri. Ilijengwa ili ilishe migodi yetu. (Vijiji vingi inavyopita juu yake vinalala katika giza, na hilo linaniumiza kila nikiliwaza.)

Sasa utaniambia: kama umeme ni wa maji, ukipotea kwa joto unachafua nini? Hapa njo penye jibu la yule kijana. Uingie mu nyumba jioni, wakati taa inakuwa nyekundu kama mushumaa na pasi haipate joto. Mama anafanya nini? Anawasha mbabula. Anatuma mutoto kununua makala, na makala ni miti ya miombo iliyokatwa mbali kila mwaka kuliko mwaka uliopita. Mwenye duka naye anawasha jenereta. Umeme haukufika, moshi ukachukua nafasi yake.

Na mara nyingi umeme unapotelea karibu kabisa na sisi, mu mutaa. Mutu anaunga nyumba kwa waya nyembamba kwa sababu ni bei ya chini. Mwingine anachukua waya ya chuma tupu, ambayo inazuia umeme mara 5 na zaidi kuliko mukuba. Mwingine anapindapinda mukuba na aluminiumu pamoja kwa mikono. Mvua ikinyesha, pale panaoza, panapata joto, kisha panaungua.

Lakini neno linalonikaa moyoni zaidi ni waya inayokatwa usiku. Ninyi wa cités za migodi munajua ninachosema. Asubuhi mutaa uko gizani, na nyuma ya kiwanja kuko alama nyeusi chini, mahali plastiki ilichomwa ili mukuba ubaki. Sitaki kusema kama askari. Najua njaa, na najua mutoto hachome waya kama hakuna mutu mukubwa anayenunua kwa kilo. Lakini wazazi, mujue moshi ule ni nini. Waya nyingi za nyumba zimevikwa plastiki ya PVC. Ikichomwa inatoa asidi inayokata kifua, na dioksini, sumu inayokaa mu udongo. Kuku wanadonoa pale, sumu inaingia mu mayai, na mayai tunapatia batoto.

Tena waya ile lazima ifanywe upya. Mukuba utachimbwa tena, utayeyushwa, utapanda magari mpaka bahari, kisha utarudi kutoka mbali ukiwa waya mupya. Moshi wa kazi yote ile unalipwa mara mbili kwa umeme uleule. Na wakati mutaa unangoja, wiki au miezi, mbabula hazizimike.

Basi, kama mutaa wenu unachanga feza za waya, mama na baba, musikimbilie bei ya chini. Waya yenye unene mara mbili inapunguza kwa nusu umeme unaopotea ndani yake, na itawatumikia miaka mingi. Mudai fundi atumie kiungio kinachofaa pale aluminiumu inakutana na mukuba. Na waya ya zamani iliyoshushwa, mutu mumoja aiandike kwa kilo na aipeleke kwa muyeyushaji anayechuna plastiki kwa kisu au kwa mashine, kisha feza ile irudi mu mufuko wa mutaa.