Steji Haimo Kwenye Ramani

Ukitaka kujua barabara ya mtaa inafaa kupita wapi, usianze na ramani. Anza na nyasi. Angalia pale zilipokufa. Watu wakikata kona moja kila siku kwa miaka, wanachora njia bila penseli, na hiyo njia huwa na sababu zake: hapa maji hayatuami mvua ikinyesha, kule kuna mbwa hafungwi, huku taa ya duka inawaka mpaka saa nne usiku. Njia ya mguu ni maoni ya umma. Shida ni kwamba wanaochora barabara hawayasomi.

Kisheria tunafaa kuulizwa. Katiba ya 2010, Kifungu cha 10, imeweka ushiriki wa wananchi kwenye orodha ya maadili ya taifa, pamoja na demokrasia na utawala wa sheria. Kifungu cha 196 kinalipa bunge la kaunti kazi ya kutushirikisha. Ndiyo maana kila mradi lazima uwe na siku yake ya kukusanya maoni. Unaijua hiyo siku: tenti, viti vya plastiki, soda, na karatasi ya kuandika jina, nambari ya simu na sahihi. Hiyo karatasi ndiyo muhimu kuliko yote, kwa sababu kwenye ripoti inageuka kuwa ushahidi kwamba tulikubali. Mtu alikuja kutafuta kivuli, akatoka amepitisha flaiova.

Makutano ya mtaa wetu, huku Eastlands, yana miguu minne. Barabara kubwa inapita katikati, na ile ya mtaa inaingia kwa kupinda, hadi dereva anayetoka ndani lazima ageuze shingo kama bundi kuona kinachokuja. Matatu zinashusha watu palepale. Wasee wa boda wanangoja palepale. Mamangu anauza mboga palepale. Na watu wanagongwa palepale.

Kwa hivyo tuliposikia barabara itasogezwa, inyooshwe, kisha iwekwe raundabauti, mimi sikudhani ni hila. Nilisoma upangaji miji miaka miwili kabla ya karo kukatiza safari, na kuna hesabu moja kutoka darasani ambayo haijawahi kunitoka. Kwenye njia panda ya kawaida ya miguu minne kuna sehemu 32 ambapo njia za magari zinaweza kugongana. Kwenye raundabauti ya leni moja kuna 8. Pia raundabauti inamlazimisha dereva apunguze mwendo, na mwendo ndio unaoamua kama aliyegongwa atarudi nyumbani au la. Injinia alipotueleza haya mbele ya tenti, alikuwa anasema ukweli.

Kisha akafungua ramani. Mstari mwekundu, safi kabisa. Steji haikuwemo. Mboga hazikuwemo. Kile kijia cha watoto wa shule hakikuwemo. Mahali ambapo mamangu huketi palikuwa na rangi ya kijivu, na maandishi madogo: hifadhi ya barabara.

Mama akainua mkono. “Samahani, sisi tuko wapi hapa?”

Injinia, kijana mpole tu, akaonyesha ile kijivu kwa kalamu.

“Hapo naona rangi,” Mama akasema. “Mimi nauliza sisi.”

Watu walicheka, lakini swali lilibaki limesimama. Mtu mwingine akauliza steji itahamia wapi. Jibu: hiyo ni ya kaunti. Mwingine akauliza maji ya mvua yataelekea wapi. Jibu: hilo litaangaliwa baadaye. Sheria ya Barabara ya 2007 ilizigawa barabara zetu kwa mamlaka tatu: KeNHA kwa barabara kuu za taifa, KURA kwa za mijini, KeRRA kwa za mashambani. Baada ya ugatuzi, kaunti nayo ikapata zake. Kwenye karatasi ni mpango mzuri. Ukiwa umesimama kwenye kona, maana yake ni kwamba lami ina mwenyewe, steji ina mwenyewe, mtaro una mwenyewe, na hao wote hawajawahi kuketi chini ya tenti moja.

Tulipewa wiki mbili kupeleka memoranda ya maandishi. Jioni hiyohiyo majirani wakaja kwetu, kwa sababu mtaani mimi ndiye yule wa kuandika. Barua ya chifu, maombi ya basari, hotuba ya matanga, zote huishia kwangu. Wengi walikuwa na sentensi moja tayari: “Andika hatutaki.”

Ni rahisi kuwaelewa. Julai 2018, Kibera, nyumba na shule zilibomolewa kupisha barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata, na maelfu ya watu wakabaki nje kwenye baridi ya mwezi huo. Kinachouma zaidi ni kwamba watu walikuwa wameshahesabiwa kwa ajili ya mpango wa kuwahamisha. Walikuwa wameulizwa majina. Trakta zikaja kabla ya majibu. Kifungu cha 40 cha Katiba kinadai fidia ya haki na ya haraka kwa ardhi inayotwaliwa, na kinaruhusu hata asiye na hati kufidiwa kama alikuwa hapo kwa nia njema. Lakini mama mboga aliye juu ya hifadhi ya barabara huambiwa ardhi haikutwaliwa, ilikuwa ya barabara tangu zamani. Yeye ndiye aliyeingilia.

Basi nikashika kalamu. Ndipo Baba Shiro, ambaye alikuwa amenyamaza mlangoni, akasema, “Msiandike hivyo.” Bintiye aligongwa pale kwenye kona, na mguu una chuma mpaka leo. “Mimi hiyo barabara naitaka hata kesho asubuhi.”

Nyumba ikanyamaza. Hakuna aliyetaka kumwangalia.

Mama ndiye aliyejibu. “Sijasema hatutaki. Nimesema na sisi tuwekwe.”

Hapo ndipo nilipoona kile ambacho siku ya maoni hukosea. Tunaulizwa swali la ndiyo au la, utadhani tuko debeni. Mstari umeshachorwa, sisi tunapiga kura kuhusu mstari. Lakini anayesimama kwenye makutano saa kumi na mbili kwa siku ana kitu chenye thamani kuliko kura. Ana habari. Na habari ikija baada ya mchoro kukamilika, inaonekana kama usumbufu.

Kuna mahali swali liliulizwa mapema. Mwaka 2017 Kaunti ya Nairobi ilitangaza Mukuru kuwa eneo maalum la mipango, baada ya wakaazi na Muungano wa Wanavijiji kulisukuma jambo hilo kwa miaka. Nyumba ziliwekwa kwenye vikundi vya kumi kumi, kila kikundi na mwakilishi wake, na watu wakabishana kuhusu upana wa njia. Hilo ndilo swali lenyewe kwenye mtaa uliobanana: kila mita unayoongezea barabara ni ukuta wa chumba cha mtu. Ukitumia vipimo vya kawaida vya vitabu, unafukuza watu wengi mno, kwa hivyo vikapendekezwa vipimo vyembamba zaidi. Sisemi hadithi iliisha vizuri. Novemba 2021, Mukuru kwa Njenga, nyumba za maelfu zilibomolewa tena, na sababu iliyotolewa ilikuwa barabara. Kuulizwa si ngao. Ila Mukuru ilionyesha kwamba kazi hiyo inawezekana, na kwamba mtu ambaye hajamaliza darasa la nane anaweza kujadili upana wa barabara kama injinia, mradi aonyeshwe ramani mapema.

Siku kumi tulizobakisha tulizitumia kukusanya habari. Watoto wa jirani waliketi na daftari wakichora vijistari kwa kila anayevuka, na mahali anapovukia. Kivuko kwenye mchoro kilikuwa mbali na kile kijia, upande ambao hakuna anayeelekea, na mtu aliyechelewa shule hatatembea kwenda nyuma ndipo avuke. Mlinzi wa kituo cha petroli, ambaye ameona ajali nyingi kuliko polisi yeyote wa trafiki, alituambia ni usiku gani na magari yanatoka upande gani. Msee wa boda alitutembeza akituonyesha maji yanavyoteremka mvua ikija. Raundabauti ingekaa mahali ambapo huwa ni dimbwi.

Mimi niliongeza kidogo nilichokumbuka darasani. Taa za kuvukia hupangwa kwa mtu anayetembea mita 1.2 kwa sekunde. Barabara ya mita 14 inamtaka avuke kwa sekunde 12 hivi. Tulimpima shosho mmoja mwenye kiroba cha viazi mgongoni, kwa ridhaa yake na kwa kicheko chake. Hakukaribia.

Memoranda ilikuwa kurasa nne. Haikusema ndiyo wala la. Ilisema: tunaitaka raundabauti, na kivuko kiwe hapa, matuta kabla yake, mtaro upite huku, steji iwe na mahali pa matatu kuingilia, na wauzaji wachorewe nafasi kabla trakta haijafika. Nilitoa nakala mbili. Moja tuliiacha ofisini, nyingine ikapigwa muhuri wa kupokelewa na tarehe. Kama utachukua kitu kimoja kutoka hapa, chukua hicho: maoni yasiyo na muhuri ni porojo. Na usitie sahihi ile karatasi ya mahudhurio bila kuandika kando yake kwamba umehudhuria tu.

Mchoro wa pili umetoka. Kivuko kimesogea mpaka kwenye kijia cha watoto. Kuna kisanduku kidogo kilichoandikwa steji. Baba Shiro alikipiga picha akaituma kwenye grupu bila maneno. Upande wa wauzaji bado ni kijivu. Tumeandika tena, tumepigiwa muhuri tena.

Mama ameendelea kuuza. Mabati ya kibanda yanavuja na nimemwambia nitamnunulia mengine, lakini amekataa mpaka ajue atayapigilia wapi. Mvua ya Machi imekaribia. Kwa sasa anafunika sukuma kwa nailoni.