Ekari Mbili za Shangazi

Serveya hupima kila kitu isipokuwa udongo. Anakuja na mashine yake, anapigilia vigingi, anakupa namba za ekari, na familia nzima inaona hesabu imeisha.

Katiba ya 2010 inakataza ubaguzi wa kijinsia kwenye mambo ya ardhi. Kwetu wazee walikubali hilo bila kelele nyingi: shamba la babu, upande wa Magarini, ligawanywe mara tatu, ekari mbili kila mtu. Baba mkubwa bondeni karibu na Mto Sabaki. Baba yangu juu, kwenye udongo mwekundu. Shangazi katikati, kwenye mteremko wa mchanga mweupe. Sawa kwa sawa, si ndiyo?

Wee! Bondeni kuna tope lililoletwa na mto. Sabaki ni ule ule Athi wa bara, ukipita Tsavo unaitwa Galana, na mvua zikizidi unabeba udongo wa Ukambani hadi bahari ya Malindi inageuka rangi ya chai ya maziwa. Baba mkubwa analima rutuba ya watu wengine, bure. (Mafuriko yakija anailipia, lakini hayo ni mengine.)

Nilisoma jiografia chuoni mihula mitatu kabla karo kukatika. Mfumo wa kimataifa una makundi makuu 32 ya udongo. Tope la bondeni ni fluvisoli. Kichanga cha shangazi ni arenosoli, jina lililotokana na neno la Kilatini la mchanga. Maji hayakai humo. Ukimwaga mbolea leo, mvua moja kubwa inaishusha mizizi ya mahindi isikofika. Mkanju utavumilia, manake mizizi yake inaenda mbali, lakini mkanju unangojewa miaka. Shangazi anataka kula msimu huu.

Na si lazima ujue Kilatini. Ingia msitu wa Arabuko-Sokoke kutokea Gede, uelekee magharibi. Penye mchanga mweupe utakuta mirihi imeachana, jua linapenya hadi chini. Udongo ukigeuka mwekundu, ule ambao wanajiolojia wameupa jina la Magarini yetu, miti nayo inageuka: vichaka vizito vya Cynometra, na humo ndimo anamoishi bundi mdogo wa Sokoke. Bundi anajua tofauti. Serveya hana habari.

Siku ya kikao shangazi alikuja na mikebe mitatu na jagi la maji. Hakuhutubia. Alilowesha udongo wa kila fungu, akampa kaka yake mkubwa.

"Kaka, finyanga."

Wa bondeni ulivingirika ukawa kama mkia wa panya. Mwekundu ulishikana, ulipokunjwa ukakatika. Mweupe ulimwagika vidoleni, ukamchafua kanzu.

Shangazi akasema shamba likatwe kwa urefu, kutoka juu hadi mtoni, kila mmoja apate utepe wenye udongo wote. Baba mkubwa akajibu kwamba vipande vitakuwa vyembamba mno, hata trekta haitageuka. Hapo ana hoja, tusidanganyane. Lakini mimi ningelima utepe kwa jembe la mkono kuliko kumwachia shangazi kichanga kitupu.

Baba yangu bado hajasema yuko upande gani. Vigingi vipo, na serveya anadai pesa nyingine akirudi kuving'oa.