Kijito Kisichosahauliwa na Samaki

Katika nyanda za juu za Uskoti, si mbali na mji mdogo wa Ballater, kipo kijito kiitwacho Girnock. Chatoka vilimani, chaingia katika mto Dee, nao mto Dee humwaga maji yake baharini penye mji wa Aberdeen. Mpita njia aweza kukivuka asikitie maanani. Lakini samaki aitwaye samoni hakisahau.

Samoni huzaliwa katika changarawe ya kijito hicho. Baada ya miaka miwili au mitatu huteremka mpaka baharini, akaenda kujilisha mbali, hata upande wa Greenland. Akiisha kunenepa hurudi, akiyatambua maji ya kwao kwa harufu, akaruka maporomoko ili atage mayai pale alipozaliwa. Ajabu ni kwamba tangu aingiapo mtoni hali chakula. Hata hivyo, huidaka ndoano iliyofungwa manyoya mfano wa mdudu, na hiyo ndiyo furaha ya wavuvi wa mshipi wa mto Dee.

Zamani mvuvi mwenye bahati alirudi nyumbani na kitoweo. Siku hizi desturi ya mto huo ni kumrudisha kila samoni majini. Mvuvi hulowesha mikono kwanza, asimharibu ngozi. Humtoa ndoano taratibu, akamshika akielekea mkondo mpaka apate nguvu. Siku ya Jumapili ni marufuku kuvua samoni kwa mshipi katika Uskoti nzima.

Huruma hiyo ina sababu. Mwaka 1966 wataalamu waliweka mitego katika Girnock, si ya kuua bali ya kuhesabu. Kila samoni hupimwa, na gamba lake husomwa, kwa kuwa lina duara zionyeshazo umri kama shina la mti. Hesabu yaonyesha kuwa wanaorudi wamepungua sana. Mwaka 2023 samoni wa Britania aliandikwa miongoni mwa viumbe walio hatarini kutoweka.

Mabaya yampatayo baharini si rahisi kuyazuia. Lakini maji ya vijito yakipata joto samoni hudhoofika, na dawa yake ni kivuli. Kwa hiyo miti yapandwa kandokando ya vijito vya mto Dee.

Mkulima wa Nyeri amjuaye trauti wa mto Gura, ndugu wa samoni aliyeletwa kutoka Uskoti mwaka 1905, hatashangaa. Akataye miti ya ukingoni huwafukuza samaki asiwaone wakiondoka.