Ufuo Tambarare Nao Una Mlima Wake

Mpenzi msomaji, huenda nawe umewahi kuambiwa kwamba kutembea ufuoni ni kazi ya watoto. Hakuna mlima, hakuna bonde, wala huwezi kupotea: bahari mkono wa kulia, minazi mkono wa kushoto. Nami niliamini hivyo hadi siku nilipomchukua mpwa wangu wa miaka kumi tutembee kutoka Galu hadi Tiwi, huko Kwale.

Tuliondoka saa tano asubuhi, tukiwa tumeshiba chai na mahamri. Maji yalikuwa yamekupwa na mchanga ulikuwa mgumu kama lami. Kijana alitangulia akiokota simbi, nami nikajiona bingwa wa mipango.

Kufikia saa nane, bahari ilikuwa imetusukuma hadi kwenye mchanga laini chini ya kuta za mahoteli ya Diani. Kila hatua ikawa na uzito wa hatua mbili. Chupa yetu ya pekee, ya lita moja, ilikuwa imekauka.

Saa kumi jioni tulifika Kongo, penye ule msikiti wa kale, mahali Mto Mwachema unapoingia baharini. Ng'ambo ni Tiwi, ambako mama yake alikuwa akitungoja. Lakini mto ambao asubuhi tungeuvuka kwa maji ya magoti sasa ulikuwa umefurika.

Nakiri msomaji, nilikunja suruali. Nilikusudia kumbeba mgongoni.

"Mjomba," akaniambia kwa sauti ya chini, "mimi sijui kuogelea."

Mzee mmoja mvuvi aliyekuwa akishona wavu alituona. Nilimwamkia shikamoo.

"Marahaba. Kwani jana usiku hukuutazama mwezi, mwanangu?"

Mwezi ulikuwa mpevu. Mzee akanifunza nilichopaswa kujua kabla ya kufunga mkoba. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja bamvua: maji hupwa mbali na hujaa sana, tofauti ikipita mita tatu. Siku hizo, pwani yetu hupwa mwendo wa saa nne au tano asubuhi na kujaa saa kumi au kumi na moja jioni. Kila siku saa hizo husogea mbele kwa kama dakika 50. Mimi nilikuwa nimeanza safari wakati bahari ilipoanza kurudi.

Tuligeuka, tukatafuta njia ya kutokea barabarani, tukapanda matatu. Mtoto alilala begani mwangu bila kusema neno, nami nilikuwa na mengi ya kujibu.

Kwa hivyo, ukipanga safari kama hii, anza na jedwali la maji kupwa na kujaa. Halmashauri ya Bandari huchapisha, na hata kwenye simu utalipata. Hesabu kurudi nyuma: ufike mtoni maji yakiwa yamekupwa, na uondoke mapema ipasavyo. Beba angalau lita tatu za maji kwa kila mtu mzima, kofia, na viatu vya kukinga miguu dhidi ya matumbawe. Jua vichochoro vya kutokea barabarani kabla hujavihitaji. Majira ya kusi, tembea ukielekea kaskazini ili upepo ukusukume mgongoni. Na usidanganywe na neno tambarare: ufuo huinama kuelekea baharini, na baada ya saa tatu goti moja litakuambia.

Tulirudi siku nyingine ya bamvua, tukaondoka Galu saa kumi na mbili unusu alfajiri. Saa nne unusu tulikuwa Kongo, na kijana akavuka mbele yangu, viatu mkononi, maji yakimfika magotini.

Siku hizi nikimwambia tujiandae kwa safari, haniulizi tutakula nini njiani. Huuliza, "Mjomba, mwezi ukoje?"